Mdomo Ndio Kipimo

Miaka thelathini na mmoja niliutetemesha mwamba
chini ya Malmberget, na mwamba ukanitetemesha mimi.
Siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani
na vidole hivi, vinavyogeuka vyeupe baridi ikibisha hodi,
vyeupe kama mishumaa, tena havina habari:
vichome sindano, mwenyewe naendelea kusoma gazeti.

Sasa tazama mambo. Ristin, binti wa jirani,
miaka kumi na tisa, muuza petroli zamu ya usiku,
ananibwagia mapajani nundu ya mti wa mbetula,
mbichi, nzito, yenye harufu ya mvua iliyolala.
"Humu mna kikombe, Evert," asema. "Kitoe."
Kana kwamba ni mdeni aliyejificha chini ya kitanda.

Nundu, ananieleza, ni donda la mti.
Hapo uliumia, ukajisokota juu ya maumivu,
nyuzi zake zikapoteza njia, zikafumana;
ndiyo maana kikombe cha nundu hakipasuki ovyo.
Sikumjibu. Nilikuwa natafuta tezo.

Juma la kwanza nilichonga kidole gumba.
Sikujua mpaka maranda yalipokuwa mekundu.
Mchonga mwiko hukimbiza mkonowe,
lakini wangu ungekimbiaje,
nao haukupata habari?

Ristin hupima ukuta wa kikombe kwa vidole viwili,
kimoja ndani, kimoja nje, macho kayafumba:
"Hapa nene. Hapa bado. Hapa acha."
Nami nikabana, nikafumba macho, nikangoja.
Hamna. Kwangu nene na nyembamba ni mtu na pacha wake.
Kikombe cha kwanza kilianza kupitisha mwanga wa dirisha,
nikausifu mwanga,
kisha kikapitisha kisu.

Cha pili nilikianika kando ya jiko, kwa pupa.
Usiku wa manane kikalia: *ka!*
Sauti ile naijua. Ndivyo mwamba unavyokohoa
kabla haujashuka.
Niliruka kitandani natafuta kofia ya chuma,
nikanyoosha mkono nimwamshe Gunvor, tutoke,
Gunvor niliyemzika miaka minne iliyopita.
Nikakaa pale, mkono juu ya shuka,
shuka nisiyojua kama ni baridi.

"Tuache vikombe," Ristin akasema. "Chonga kijiko."
Nikachonga kitu kama jembe.
"Kitie mdomoni."
Nikacheka. Mzee mzima kulamba kuni!
"Kitie. Kijiko si cha vidole."

Nikatia.
Na loo, mdomo ulikuwa macho siku zote hizo!
Mdomo haukuwahi kushika mashine.
Ukanisomea kile kijiko kama barua:
hapa kingo kali, hapa bonde halijafika,
hapa, chini kushoto, kisu kilisitasita.
Na nyuma ya ladha ya mti mbichi
nikamwona Gunvor na mwiko wake, mvuke usoni,
mkono mwingine kaukinga chini ya kidevu changu,
akiuliza neno moja tu: "Chumvi?"

Basi kikombe cha tatu nimekichonga kwa midomo.
Nakata kidogo, nabusu ukingo, nakata.
Ukuta wa nje naupitisha shavuni.
Jirani wa ghorofa ya pili kaniona dirishani
akavuta pazia lake.
Nilikichemsha katika maji ya chumvi,
nikakizika ndani ya maranda yake mwenyewe,
mfuko wa karatasi, sakafu ya stoo,
majuma sita. Sikukichungulia.
Nilichungulia mara mbili.

Leo alfajiri Ristin katoka zamu, theluji mabegani,
ananuka petroli na usingizi.
Nimemmiminia kahawa.
Kakishika kwa mikono miwili, kanywa,
kanywa tena, kaviringisha ukingo mdomoni taratibu,
nami roho juu, kama mtoto mbele ya daftari lake.

"Upande huu," kasema, "bado mnene."

Nikaenda kuchukua kisu.
Kahawa nilimwambia amalize kwanza.